Mkono wa Baba na Usukani Mzito

Baba alipostaafu ukarani wa reli alinunua gari kubwa la familia, la mtumba kutoka Japani, lenye safu tatu za viti. Tulikuwa wengi, na kila Desemba tulikwenda nyumbani magharibi na mizigo. Ila alikuwa na sababu nyingine ambayo hakuitangaza. Kiwiko chake cha kulia kiliwahi kuvunjika, kikaungwa vibaya, na mkono haukunyooka tena. Muuzaji alimwonyesha kwamba usukani wa gari lile ungeweza kuzungushwa kwa kidole kimoja. Baba alijaribu kwa kidole chake, na siku hiyo hiyo wakaelewana.

Usukani wa namna hiyo una msaidizi. Injini huzungusha pampu, pampu husukuma mafuta mepesi, na mafuta hayo ndiyo humsaidia dereva kugeuza magurudumu. Kazi ya dereva inabaki kuonyesha upande. Naeleza hili mapema kwa sababu wakati ule hakuna aliyelijua nyumbani kwetu, na kutojua huko nusura kumpokonye baba gari lake.

Yalianza na baridi ya Julai. Asubuhi moja, akilitoa gari kwenye uwanja mdogo mbele ya nyumba yetu mtaani Jericho, baba alichelewa kukata kona akaingia kwenye ua wa miiba ya kayaba wa jirani. Jirani alitoka na mswaki mdomoni.

"Mzee wa reli," alisema, "hapa hakuna stesheni!"

Watu walicheka, na baba pia alicheka, lakini nilimwona akisugua kiwiko. Wiki iliyofuata alirudia kosa lile lile. Akawa anaegesha barabarani ili asilazimike kugeuza. Mama aliniambia kwamba alfajiri, nyuma ya nyumba, alimkuta akiinua na kushusha kibuyu cha plastiki cha lita tano kilichojaa maji, kwa mkono ule ule, huku akihesabu kwa sauti ya chini.

"Mkono umechoka," mama alisema. "Siku moja atagonga mtoto wa mtu. Jaribu wewe hilo gari, utuambie."

Hadi siku hiyo hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameendesha gari lile. Mama hakujua kuendesha. Mimi nilikuwa na leseni ya miaka miwili, lakini kiti cha dereva kilikuwa cha baba, kama kile chake cha mezani. Nililizungusha uwanja mzima huku yeye amesimama mlangoni. Usukani ulikuwa mgumu kidogo. Pampu ilinung'unika kila nilipokata kona, nami nikadhani ndiyo sauti ya gari kubwa. Nilishuka nikasema gari halina shida.

Baba aliitikia kwa kichwa, akanipa ufunguo. Hakubisha. Jioni hiyo walikubaliana na mama kwamba gari liuzwe, na mtu mmoja wa Buruburu akaahidi kuja kulitazama Jumamosi.

Ijumaa nililipeleka kwa fundi likaguliwe kabla mnunuzi hajaja. Fundi huyo alikuwa mtu wa Ukambani mwenye umri wa makamo, na gereji yake ilikuwa kiwanja wazi kando ya Outer Ring Road, karibu na Donholm. Baba alikuja nami. Alikaa upande wa abiria, mikono juu ya magoti.

Fundi aliingia garini kulisogeza kivulini. Alizungusha usukani mara moja, akasimama.

"Nani anaendesha hii gari?"

"Alikuwa mzee," nilisema. "Tunaiuza. Mkono wake hauwezi tena."

"Nani amesema?"

"Mimi. Niliijaribu, nikaona iko sawa."

Alinitazama. "Madam, ulijifunza na gari gani?"

"Pikapu ya shule ya udereva."

"Ile ya zamani ya kubeba kabichi?" Alicheka hadi akashika mlango. "Hiyo pikapu ilikuharibu! Wewe umezoea kupigana na gari. Keti hapa nikuonyeshe."

Jaribio lenyewe ni rahisi, na mtu yeyote anaweza kulifanya. Aliniambia nizime injini, nizungushe usukani, nikumbuke uzito wake. Kisha niwashe injini, nizungushe tena. Pampu ikiwa inafanya kazi, tofauti ni kubwa sana. Nilizungusha mara ya kwanza, nikazungusha mara ya pili. Sikuona tofauti ya maana.

"Umeona? Msaidizi ameenda likizo," fundi alisema. Kisha akamgeukia baba. "Mzee, umekuwa ukibeba hii gari peke yako. Kwa mkono huo. Mimi na yangu miwili nisingefika Jogoo Road."

Baba alikuwa amesimama kando ya tairi la mbele. Aliomba aambiwe tena, polepole.

Fundi alikwenda kwa mpangilio. Kwanza alipima upepo wa matairi, kwa sababu tairi laini nalo hufanya usukani uwe mzito. Ulitosha. Kisha mkanda unaozungusha pampu. Ulikuwa umekaza vizuri. Ndipo akafungua kikopo cha mafuta ya usukani. Ndani mlikuwa na povu la rangi ya kahawia, na chini yake karibu patupu. Pampu ilikuwa ikivuta hewa, na kule kunung'unika ndiko kulikuwa kuomba kwake mafuta. Alipitisha kidole kwenye bomba la mpira la kurudisha mafuta, kikatoka kimelowa. Mpira ulikuwa umepasuka pale unapobanwa na kibanio.

Alikata ncha iliyopasuka, akabana upya, akajaza mafuta mekundu. Aliinua magurudumu ya mbele kwa jeki, akaniambia nizungushe usukani kutoka mwisho hadi mwisho, injini ikiwa imezimwa, huku yeye akiongeza mafuta. Halafu akaniambia niwashe na nirudie, hadi povu lilipoisha.

"Sasa toka, mwenye gari aingie."

Baba aliingia. Aliweka mkono wa kulia juu ya usukani na kuuvuta taratibu. Ukaja. Aliurudisha. Akaondoa vidole vinne, akabakiza kimoja.

"Aah," alisema.

Nilimwomba msamaha hapo hapo, mbele ya fundi.

"Hata mimi niliamini," alijibu. "Mkono wenyewe si mzima, usidhani. Baridi ikija unauma. Lakini hii haikuwa kazi yake."

Aliendesha yeye kurudi. Tulipofika kwenye maduka ya Donholm aliegesha mbele ya kibanda cha simu, akatoa sarafu mfukoni akanipa.

"Mpigie yule mtu wa Buruburu."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie mwenyewe bado anaitumia."

Foleni ilikuwa na watu wawili. Kila nilipogeuka nilimwona ameacha injini ikinguruma, anazungusha usukani kushoto na kulia gari likiwa limesimama pale pale, jambo ambalo ni baya kwa pampu na kwa matairi. Nilimwacha aendelee.