Kumtembeza Papa

Kuna watu wanaotembeza wageni, kuna wanaotembeza mbwa, na kuna wanaotembeza bidhaa mtaa kwa mtaa mpaka soli ziwaishie. Yeye alitembeza papa. Ndiyo, papa, samaki mwenye meno. Akiulizwa kazi yake kwenye foleni ya benki alijibu hivyohivyo, na aliyeuliza alicheka, kisha akiona mwenzake hacheki, alisogea kidogo. Wenzake kazini walimwita Mtembezaji, na kwa muda mrefu hata mshahara wake ulimjia kwa jina hilo, mpaka mhasibu akaona haya.

Alianza pale kwenye nyumba ya samaki kama mfuta vioo. Watu walilipa mlangoni, wakaingia kwenye kumbi za giza, wakabandika vidole vyao vya mafuta kwenye vioo, naye akapita nyuma yao na kitambaa. Nyuma ya kumbi hizo kulikuwa na ua, na katikati ya ua bwawa la mviringo lenye rangi ya bluu inayobanduka, maji yakimfika mtu kifuani. Hilo lilikuwa bwawa la wagonjwa. Siku moja daktari wa samaki, mama mwembamba asiyependa maneno mengi, alikosa mtu wa kumsaidia kushika papa aliyelegea. Akamwona huyu na kitambaa chake, akamwambia avue viatu. Hajavivaa sawasawa tangu siku hiyo.

Hapa lazima msomaji anivumilie kidogo, maana bila hili hataelewa kilichomtoa mtu machozi. Papa waliowapokea zaidi ni wale wa ncha nyeusi, ambao mapezi yao yanaonekana kama yamechovywa kwenye wino. Si majitu. Mkubwa wao halingani na mtu mzima wa wastani. Wanakaa maji machache ya kando ya pwani, penye miamba na mchanga, wakati mwingine pezi la mgongoni likiwa nje kabisa, na wakishapenda kipande chao cha bahari wanakizunguka mwaka hadi mwaka. Ni waoga pia. Ukipiga maji kwa kiganja, wengi wanakimbia. Lakini wana tatizo moja kubwa. Samaki wengi wanaweza kutulia mahali pamoja wakafungua na kufunga mdomo, maji yakapita kwenye matamvua, wakapumua. Huyu hawezi. Lazima aogelee, mdomo wazi kidogo, maji yaingie mbele na kutokea kwenye ile mistari mitano ya ubavuni. Usiku na mchana. Akisimama, pumzi inamwishia.

Ndiyo maana papa aliyezimia anatembezwa. Unamwekea mkono mmoja chini ya kifua, mwingine karibu na mkia, unamsukuma polepole ukizunguka bwawa, wewe ukiwa miguu yake na mapafu yake mpaka akumbuke kuogelea. Kichwa mbele daima. Ukimrudisha nyuma, maji yanaingia kinyume kwenye matamvua, na umemzamisha samaki ndani ya maji. Ukimpindua tumbo juu analegea kabisa, kama aliyepigwa sindano ya usingizi. Madaktari wanautumia udhaifu huo kwa makusudi, lakini kwa aliyekwisha kuchoka ni hatari.

Na jambo moja tena. Kwa kuwa watoto wa shule walipita pale kila wakati, wafanyakazi walikatazwa kusema samaki amekufa. Walisema amepumzika. "Yule pweza vipi?" "Amepumzika." Neno likawazoea, wakalizoea, hata kibandani wakinywa chai walisema hivyo bila kufikiri.

Sasa, asubuhi hiyo Mtembezaji alitoka nyumbani akiwa na roho mkononi. Mama yake alikuwa na maji kwenye kifua. Akilala tu, maji yalimbana, akaamka anatapatapa. Kwa hiyo alikuwa halali. Alikaa kwenye kiti, mito imepangwa mezani mbele yake, viwiko juu ya mito, akisinzia na kushtuka. Daktari wa hospitali alikuwa amembadilishia dawa na kusema wasubiri waone. Dada yake Mtembezaji, aliyehamia pale kumwuguza, alimsukuma mlangoni.

"Nenda kazini. Kukitokea jambo nitapiga simu."

"Jambo gani?"

"Lolote. Nenda bwana, unaniongezea mgonjwa."

Alipofika tu, gari la kazini likaingia uani. Nyuma kulikuwa na beseni kubwa, na ndani ya beseni papa jike aliyenaswa kwenye wavu wa mtu. Pampu ya hewa ya beseni ilikuwa imekufa njiani. Fundi Pampu, ambaye ndiye aliyeitengeneza, alishuka garini uso umemshuka. Huyu Fundi alikuwa mtu wa maneno mengi na mzaha mwingi, ila papa aliwaogopa kupita kiasi. Miaka yote hiyo hakuwahi kutia hata kidole kwenye bwawa lile.

Papa aliwekwa majini, akazama kwa ubavu, jicho limetazama juu bila kumwona mtu.

"Ingia," daktari alisema.

Mtembezaji aliingia na nguo zake, akamkamata, akaanza kuzunguka. Ngozi ya papa ukiipapasa kuelekea mkiani ni laini, ukirudisha mkono ni msasa mtupu. Haukupita muda mikono yake ikawa inawasha kwa michubuko. Mgongoni mwa yule jike kulikuwa na makovu ya meno, nusu duara juu ya nusu duara.

"Nani kamfanya hivyo?" Fundi aliuliza kutoka ukingoni.

"Wanaume zake," daktari alijibu. "Dume likitaka jike linamng'ata ili asiteleze. Ndiyo maana ngozi ya majike ni nene." Akainama, akatazama tumbo lililovimba. "Na huyu ana watoto ndani. Hawatagi hawa, wanazaa."

Fundi alianza mzaha, akauacha katikati. Ilikuwa mara ya kwanza watu kumwona akikatisha mzaha.

Mtungi wa oksijeni wa kutilia maji nguvu ulikuwa unaishia. Daktari alichukua gari mwenyewe kwenda kufuata mwingine. Aliacha maneno machache tu. "Usisimame. Kichwa mbele."

Mtembezaji akazunguka. Matamvua yalifunguka kidogo, yakakawia, yakafunguka tena. Kila yalipokawia naye alibana pumzi bila kujua. Alianza kumsemesha kwa sauti ya chini. "Twende mama. Taratibu. Twende." Hakujua anamwambia mama yupi.

Simu yake, iliyokuwa juu ya kiti cha plastiki, ikalia.

"Pokea!" alipiga kelele.

Fundi alipokea. Alisikiliza, akasema "ndiyo, ndiyo dada", kisha akaishusha simu na kuitazama kana kwamba imemwuma.

"Sema."

"Alikuwa dada yako. Mtandao unakatakata." Fundi aliifuta simu kwenye shati. "Anasema mama amepumzika. Anasema usiwe na haraka."

Mtembezaji alisimama, kisha akakumbuka na kusukuma tena. Usiwe na haraka! Bila shaka, haraka ya nini tena? Juu ya yote akahisi hasira, hasira kwa dada yake kwa kumfukuza asubuhi, hasira kwa huyu samaki mzito asiyetaka kujisaidia.

"Mpigie tena."

Fundi alipiga. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikaita mpaka ikakata.

Kisha Fundi akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Alivua saa, akaiweka kwenye kiti, akashuka kwenye bwawa na suruali yake ya kazi.

"Niachie. Nenda kwa mama yako."

"Unaweza?"

"Siwezi. Niachie tu."

Mtembezaji alimpa. Alitoka nje akichuruzika, akachukua simu, akalikaribia lango. Hapo aligeuka mara moja tu, na afadhali asingegeuka. Fundi, akiuogopa mdomo, alikuwa ameushika mkia kwa mikono miwili na anarudi kinyumenyume, anamvuta papa nyuma yake. Kichwa kilikuwa kinafuata mwisho. Matamvua yalikuwa yametulia.

"Kichwa mbele! Kichwa mbele, Fundi!"

"Ananitazama!" Fundi alilia.

Hapo langoni ndipo ilipokuwa shida yake yote. Nyumbani kulikuwa na mama ambaye hakuna tena cha kumfanyia ila kumfunika. Ndani ya bwawa kulikuwa na huyu, na waliomo tumboni mwake. Sitamsifu wala kumlaumu. Aliirudisha simu kwenye kiti na kuingia majini.

Alitembea akilia, bila kujificha. Fundi alimwachia papa, akatoka, akasimama ukingoni mwa bwawa naye analia, sijui kwa huzuni au kwa woga, au kwa ajili ya ile pampu. "Twende mama," Mtembezaji alisema, kila mzunguko, na sauti ilimkatika kila mzunguko. Alimsukuma kwa kasi zaidi, maji yaingie kwa nguvu. Mikono ilikuwa haina ngozi. Alimwomba, akamtukana, akamwomba msamaha kwa kumtukana.

Kwanza kikaja kitetemeko kidogo mkiani. Akadhani ni mkono wake mwenyewe. Kikaja tena, mwili mzima ukajipinda, na yule papa akamtoka mikononi akimchuna kifuani, akaenda peke yake, kombo, akagusa ukuta, akajirekebisha, akaenda. Alizunguka bwawa. Akazunguka tena. Daktari aliingia uani na mtungi akamkuta Mtembezaji tayari yuko langoni, anakimbia bila viatu.

Dada yake alikuwa ameketi kizingitini anachambua mboga. Alimwona, akainuka na kidole mdomoni.

"Shh! Utamwamsha."

"Nani?"

"Nani tena? Si nilisema amepumzika? Dawa imemkubali. Amelala chali kitandani kama binadamu. Nikaizima simu mlio asishtuke. Mbona umelowa hivyo?"

Mtembezaji alikaa chini palepale, akaegemeza kichwa kwenye goti la dada yake, akacheka na kulia kwa pamoja mpaka yule dada akaogopa. Alipomweleza, dada alijipiga paji la uso. Naye alicheka, kwa kiganja mdomoni, mabega yakimtikisika.

Lakini mama alikuwa macho. Sauti yake ilitoka ndani, nyembamba.

"Nimesikia. Njoo hapa."

Aliingia. Mama alikuwa amelala juu ya mto mmoja tu, kifua kinapanda na kushuka.

"Kwa hiyo uliposikia nimekufa, ulimwacha huyo samaki?"

Angeweza kudanganya. "Hapana, mama."

Mama alitazama dari.

"Anapumua?"

"Anapumua."

"Basi. Mimi ningekungoja. Yeye angekungoja?"

Mama alinyoosha mkono, akaguna.

"Haya, niinue. Nataka kwenda msalani, na dada yako ananivuta kama gunia."

Alimwinua. Mkono mmoja aliupitisha chini ya kifua, mwingine akauweka kiunoni, bila kufikiri, akaanza kumsukuma polepole kuelekea mlangoni.

"Mbona unanishika hivi?"

"Ndivyo ninavyojua, mama. Twende. Taratibu."