Mikwaju Themanini na Minne ya Optatus

Ukitaka kumjua Optatus wa Kitangari usianzie uwanjani. Anzia kwenye simu ya mama yake, maana huko ndiko alikokuwa bingwa.

Uwanjani mambo yalikuwa mengine. Alikwenda Dar es Salaam kwa mjomba wake, mkata nyasi wa klabu moja ya gofu, akaanza kwa kuwabebea wakubwa mifuko ya fimbo. Jioni, wenye uwanja wakishaondoka, alipiga kwa kuwaiga. Mkono ukawa mwepesi hadi wale wale wakubwa wakaanza kumwuliza wanakosea wapi. Baada ya miaka michache akafaulu majaribio, akaitwa mchezaji wa kulipwa, na utamu ukaishia hapo. Arusha alitolewa kwenye mchujo. Moshi akatolewa. Mchezaji wa kulipwa akitolewa kwenye mchujo halipwi chochote, ila jina linabaki pale pale.

Jioni ile ya Arusha mama yake alimpigia simu. Severina ni mkulima wa korosho na mihogo. Michezo anayoijua ni mpira na bao, na yote miwili mwenye hesabu kubwa ndiye mshindi.

"Umepata ngapi, mwanangu?"

"Themanini na moja, mama."

"Na wenzako?"

"Kuna mmoja ana sabini na moja."

Severina akapiga vigelegele, simu nusura ipasuke. Optatus alifungua mdomo aeleze kwamba gofu huhesabiwa kinyume, kwamba unahesabiwa kila mkwaju unaopiga mpaka mpira uingie shimoni, na anayepiga michache ndiye anayeshinda. Lakini tangu asubuhi hakuna kiumbe aliyekuwa amemfurahia. Akasema, "Asante, mama," akalala.

Angeeleza kesho yake, nani angemlaumu? Hakueleza. Wala baada ya Moshi hakueleza, na kufikia hapo mtaa mzima wa Kitangari ulikuwa umeshamvika kilemba cha ukoka, naye akikivaa huku akijua ni nyasi.

Halafu ikaja Morogoro. Morogoro alicheza mchezo wa maisha yake. Kila alichogusa kilinyooka, siku ya mwisho akamaliza kwa mikwaju sitini na tisa, akawa wa tatu katika shindano lile. Safari hii alipiga simu yeye.

"Sitini na tisa, mama!"

Ikajibu sauti ya upole, ile ya kuongea na mgonjwa. "Pole, baba. Uliumwa?"

Jirani yao Fatu alipopata habari alipeleka ungo wa mbaazi kwa Severina, kama mtu anavyokwenda kuhani msiba. Na Optatus akakaa kitandani Morogoro, mshindi wa tatu, akipokea pole zilizotumwa kutoka nyumbani. Ilimuuma vibaya. Furaha ya pekee aliyowahi kuipata kwenye nyasi hakuwa na wa kumgawia, na aliyeziba njia ni yeye mwenyewe.

Mwezi uliofuata, Dar es Salaam, upepo ulimchezea. Mipira ikaingia vichakani, mmoja ukaingia majini. Themanini na nne. Wa mwisho. Mama alipouliza akamtajia, kwa mazoea tu, na alipogundua alichofanya vigelegele vilikuwa vimeshaanza.

"Njoo nyumbani," Severina alisema. "Watu wanataka kukupongeza."

Akaenda. Ndani ya basi, toka Masasi mpaka Newala, aliutazama mfuko wake wa fimbo miguuni kama mtu aliyebeba mali ya wizi.

Ilikuwa Novemba, korosho ziko chini na mvua bado. Msimu huo mabomba ya Kitangari hukohoa tu, na maji hufuatwa bondeni. Kwa hiyo mwenye shughuli haletewi zawadi, analetewa maji. Kila mwanamke anayekuheshimu hushuka bondeni akakupandishia ndoo yake, na watu wakitaka kujua unapendwa kiasi gani huchungulia kwenye mapipa.

Mapipa ya Severina yalikuwa yamejaa pomoni. Optatus alisimama uani akiwaona wengine bado wanapanda mteremko, shingo zimekaza, kanga zimelowa mabegani. Fatu alikuwamo. Bibi Anjelina, shangazi wa baba yake, ambaye hata kwenda kanisani hushikwa mkono, alikuja na galoni ndogo. Aibu ikampanda Optatus mpaka masikioni.

Chakula kilipoiva, Mzee Mudathiri, mwenye kauli mtaani hapo, akasimama.

"Arusha, themanini na moja! Dar es Salaam, themanini na nne! Katika uwanja mzima hakuna aliyemfikia!"

Hilo lilikuwa kweli kabisa.

Bibi Anjelina akachota kikombe kwenye galoni yake, akamletea kwa mikono miwili. "Kunywa wewe kwanza, baba. Nimekushukia bondeni mwenyewe."

Optatus alikipokea kikombe. Akakishusha bila kunywa.

"Mimi sikushinda," alisema. "Katika gofu mwenye michache ndiye mshindi. Hiyo themanini na nne nilikuwa wa mwisho, babu. Nilikuwa najua. Tangu Arusha nilikuwa najua."

Mzee Mudathiri akakaa polepole, kofia mkononi. Kisha Fatu akashtuka. "Na ile sitini na tisa?"

"Hapo ndipo nilipofanya vizuri, mama."

"Ewe! Na mbaazi zangu nilizopeleka kuhani?"

Watu wakaangua kicheko, na pengine mambo yangeishia kwenye kicheko. Lakini Severina hakucheka. Alikuwa amesimama na upawa mkononi.

"Nilipokuwa napiga vigelegele," alimwuliza, "wewe ulikuwa unavisikiliza?"

"Nilikuwa navisikiliza, mama."

"Ukaniacha."

"Nikakuacha."

Severina akageuka, akaendelea kupakua ugali, kwa kuwa watu walikuwa wamekuja kula. Optatus akatamani amchape, amtukane mbele ya wote. Hakuambiwa neno, akaletewa sahani yake kama mgeni mwingine yeyote.

Siku zilizobaki alishuka bondeni na ndoo kila alfajiri, akarudi nusu imemwagika mgongoni, wanawake wakimtania kwamba hata hapo anapoteza. Nyumba kwa nyumba akarudisha maji, ya Bibi Anjelina kwanza. Mama aliitikia shikamoo zake na hakuongeza kitu.

Miezi ikapita kabla hajacheza tena. Moshi safari hii alivuka mchujo, mara ya kwanza mjini hapo. Jioni akaishika simu muda mrefu, kisha akapiga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ngapi?"

"Sabini na tatu."

"Na wa kwanza?"

"Sitini na nane."

Kule upande wa pili akamsikia akihesabu kwa sauti ya chini, taratibu, akirudi nyuma. Optatus akasubiri vigelegele kwa mazoea. Havikuja.

"Yako bado mingi, mwanangu," alisema Severina. "Ipunguze."