Uso wa Kijana wa Farasi

Paskazia, jirani yangu wa hapa Ngokolo, anadarizi vitambaa vya makochi, na kwa habari ya rangi hana simile. Nyuzi mbili za bluu ninazoziona mimi kuwa pacha, yeye atakwambia moja imezidi kuwaka.

Jicho hilo alilipata kwenye picha. Makoye, marehemu mumewe, aliinunua mnadani Kagongwa wakati wa uchumba wao, katika vitu vilivyoachwa na mtawa wa Kizungu aliyerudi kwao. Ilichorwa kwa mkono, kwa rangi za maji: kijana wa Ulaya ya kale, mwenye vazi la chuma na joho, ameinama juu ya farasi akimpa ua binti aliye dirishani. Makoye, mtu wa ng'ombe, alicheka kwamba jamaa kaja kuposa bila mshenga.

Paskazia hakucheka. Mara ngapi alinionyesha ule mstari ulioanzia shingoni mwa farasi, ukapanda mgongo wa kijana, ukaishia kwenye vidole vya binti bila kukatika! Na bluu ya joho, iliyokolea begani kisha ikafifia hadi ikabaki karatasi tupu, na bado ukaona ni kitambaa. Mimi nilidhani mchoraji aliishiwa rangi. Siku nilipoelewa kuwa aliiacha tupu makusudi, niliomba nionyeshwe tena.

Mvua za mwaka jana bati la nyumba yake lilivuja tukiwa kanisani. Tuliporudi, bluu ilikuwa imemwagikia farasi, na uso wa kijana haupo. Paskazia alilia kuliko alivyolia msibani kwa Makoye. Nilikasirika kidogo; kwangu ilikuwa karatasi tu.

Akaamua kuidarizi yote upya kabla haijamtoka kichwani. Mstari ule aliushona kwa uzi mmoja, bila fundo katikati. Joho aliliacha lipungue taratibu hadi kikabaki kitambaa chenyewe. Niliipenda kazi ile kuliko hata picha.

Ukabaki uso. Kutwa anashona, anafumua. Nikachoka, nikamwambia atie macho na pua yaishe, Wazungu wote wanafanana. Akafumua tena.

Wiki iliyofuata aliniita. Uso ulikuwa tayari: mweusi, mashavu yamebonyea, nyusi ya kulia imepanda kidogo kama ya mtu anayetaka kukutania. Makoye mtupu.

“Nimejitahidi kumkumbuka yule Mzungu, Mama Mageni,” alisema. “Nimeshindwa. Nadhani sikuwahi kumtazama.”