Feni ya Saa Saba

Coletha hakufundishwa kompyuta na mtu. Alizaliwa Ushirombo kwa wakulima, akaolewa Masumbwe, na huko akapata kazi ya kutoa fotokopi kwenye kibanda cha steshenari. Siku moja kompyuta ya kibanda iligoma kuwaka, fundi akasema itupwe. Coletha akasoma kwenye simu wiki nzima, akaiwekea mfumo mwingine uitwao Linux, ikaamka. Tangu hapo watu wakawa wanamletea mashine zilizokata tamaa, moja baada ya nyingine, mpaka akakosa pa kuweka miguu.

Ndivyo alivyofika kwa Mzee Mwita, mwenye duara, shimo la dhahabu la mita arobaini kwenda chini. Pale kila siku saa sita mchana watu hutoka, baruti zinalipuliwa, na hewa chafu inabaki huko chini. Hewa hiyo huwezi kuiona. Kwa hiyo saa saba feni kubwa lazima ianze kupuliza mpaka saa tisa, ndipo wachimbaji washuke. Zamani feni iliwashwa na mtu, na mtu husahau. Coletha akawafungia kompyuta kuukuu: ikiwaka inajipangia ratiba yenyewe, na saa saba ikifika inawasha feni bila kuambiwa.

Mwezi mzima ilifanya kazi. Jumanne usiku umeme ukakatika, ukarudi alfajiri. Jumatano feni haikuwaka. Karasha za jirani, mashine za kusagia mawe, zinanguruma kutwa, nani angesikia kwamba feni iko kimya? Watu walishuka saa tisa kama kawaida, na wawili wakatolewa kwa kamba wakitapika. Mmoja alikuwa Mihayo, mdogo wake Coletha, tumbo moja.

Jumamosi Coletha alifika kwa bodaboda saa sita na nusu, baruti zimeshalia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mama Nyamizi. Hiyo mashine yako inataka kunipeleka jela. Alhamisi na jana nimewasha feni kwa mkono wangu. Jumatatu nasafiri kwenda Tarime, sitakuwepo. Nimwachie nani awashe?"

Mihayo alikuwa ameketi kwenye gogo mdomoni mwa duara, kofia ya taa kichwani tayari.

"Wewe si uliambiwa upumzike?" Coletha akamuuliza.

"Nimepumzika siku mbili. Dada, kama imekushinda sema, tuite mganga kutoka Tinde."

Wenzake wakacheka. Coletha hakucheka. Aliingia kwenye kibanda cha kompyuta kando ya duara, akakaa mbele ya kioo chake.

Akaipa kompyuta amri ya kuwasha feni: ikawaka. Akaizima. Akaiwasha upya kompyuta yenyewe, akasoma mistari yote ya kuamka kwake, hakuna hata mmoja uliolalamika. Ratiba ilikuwa pale pale: kila siku, 13:00. Akatazama saa pembeni ya kioo: 6:44. Akainua macho kwenye saa ya ukutani, ile ya kambi, iliyotundikwa juu ya mlango: saa sita na dakika arobaini na nne. Zinalingana. Akafungua kumbukumbu za siku zilizopita, akazisoma mara mbili. Zilisema Jumatano feni iliwashwa saa 13:00, ikazimwa 15:00. Alhamisi vivyo hivyo. Jana pia.

"Mzee, hii inasema iliwaka."

"Basi inasema uongo. Jumatano nimemshika mdogo wako mwenyewe, macho yamegeuka."

Wakasubiri saa saba. Coletha alihesabu dakika kwa kugusa kidole na kidole. Ikafika. Feni kimya. Ikapita dakika tano. Huko nje Mihayo alikuwa anafunga kamba kiunoni, anapiga mluzi.

Akaiuliza kompyuta swali ambalo hakuwahi kuiuliza: kazi inayofuata, imebaki muda gani? Ikajibu: saa tano na dakika hamsini na tano.

Coletha akatoa simu. Ilisoma 13:05. Akaangalia kioo: 7:05. Ukutani: saba na dakika tano.

Alijisikia kama aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

"Nani ameitega saa ya ukutani?"

"Mimi, mayu, mama yangu," akasema Mzee Eustace, mlinzi, kutoka mlangoni. "Niliizungusha mwenyewe, saba iwe saba. Hapa kuna watu hawajasoma, na baruti hazina mchezo."

"Na hii ya kwenye kompyuta?"

Eustace akachomoa karatasi iliyokunjwa mfukoni. Ulikuwa mwandiko wa Coletha. *Umeme ukirudi, kama saa imepotea, weka saa sahihi.* "Jumatano asubuhi ilikuwa imepotea kabisa, inasema mwaka mwingine. Nikaiweka sahihi, kama ile ya ukutani. Nimekosea?"

"Hujakosea, baba. Nimekosea mimi." Akamwonyesha simu yake. "Hii mashine inahesabu kuanzia usiku wa manane. Saa saba yetu, yenyewe inaiita kumi na tatu. Kumi na tatu yake ikafika saa moja jioni."

"Ndiyo maana jioni inanguruma," akasema Eustace polepole. "Mimi nikajua mzee kaagiza."

Coletha aliwasha feni papo hapo, akatoka nje. "Hakuna anayeshuka kabla ya saa tisa na robo."

"Robo saa hiyo ni mawe mangapi?" Mwita akanung'unika, ila akakaa.

Saa mbili zile Coletha hakula. Alirekebisha saa, akabadilisha kibetri kidogo cha ndani kinachotunza saa, kilichokuwa kimekufa, na mwisho akaandika sharti jipya: kompyuta ikiamka baada ya umeme kukatika, iwashe feni palepale kwa saa mbili, saa yoyote iwayo. Bora ipulize bure. Kisha akachomoa waya wa umeme makusudi, akaurudisha. Feni ikanguruma. Akafanya hivyo mara nne.

Saa tisa na robo Mihayo akashuka. Coletha alipiga magoti ukingoni, akasahau nguo yake nzuri.

"Mihayo!"

Akainama zaidi.

"Mihayo, nijibu."

"Huku kuna upepo, dada," sauti ikapanda. "Nenda nyumbani."

Hakwenda. Alikaa palepale kwenye gogo mpaka wote wakatoka, na kila baada ya muda aliita tena, na kila mara Mihayo alijibu kwa kumtania zaidi.