Kamata Kushoto Akodi Gari

Shemeji yangu ni mwalimu wa udereva, na mtu asikudanganye kwamba hiyo ni sawa na kuwa dereva. Tangu amuoe dada yangu hadi leo, kazi yake ni kukaa kiti cha kushoto, mwanafunzi yuko kulia ameshika usukani, jasho linamtiririka, na yeye anapiga kelele. "Kamata kushoto! Kamata kushoto wewe, barabara si ya baba yako!" Mtaa mzima unamwita Kamata Kushoto, naye anadhani ni heshima. Chini ya mguu wake pana pedali moja tu, breki ya mwalimu. Mambo yakienda kombo anaikanyaga, ananyakua usukani wa mwenzake, halafu anamtukana. Miaka nenda miaka rudi hajawahi kukosea. Atakosea vipi, na usukani hauko kwake?

Nyumbani ni vilevile. Dada ndiye anayepika, anayehangaika na ada, anayemfukuzia fundi bomba. Bwana mkubwa yuko kwenye kochi anasahihisha. Chumvi ikizidi, "Nilikwambia." Mvua ikikuta nguo kwenye kamba, "Nilikwambia." Dada alishazoea. Mimi sijazoea, na yeye anajua, ndiyo maana ananiita Pilipili.

Basi binti yao aliyeolewa ughaibuni akashika mimba ya kwanza. Dada alitaka kitu kimoja tu duniani. "Sitaki kuona milima wala maziwa," aliniambia huku anakunja vijinguo vya mtoto. "Mwanangu akiniita kwenye uchungu wake, nataka niwe pale." Binti naye akaeleza vizuri kwenye simu: mkishuka kwenye ndege, pandeni treni, inafika hadi huku.

"Treni?" Kamata Kushoto akacheka. "Nimefundisha nusu ya mji huu kuendesha, leo nikabebwe kama gunia? Tutakodi gari. Tutalii kidogo kidogo, siku za kujifungua bado zipo." Dada akanyamaza. Kunyamaza kwake kulinipandisha hasira kuliko maneno ya yule bwana, nikasema na mimi naenda.

Kwenye kaunta ya magari ya kukodi, pale pale uwanja wa ndege tuliposhukia, tulimkuta msichana mmoja mpole. Akamshauri achukue gari la otomatiki. Shemeji akamjibu kwa kile kilugha chake cha kuungaunga kwamba otomatiki ni ya wagonjwa. Akamshauri achukue bima kubwa. Bima kubwa ni ya wasiojua kuendesha. Yule msichana akamkumbusha kwa adabu kwamba kwao magari hupita upande wa kulia. Loo! Hapo shemeji akavua miwani kabisa. "Binti, mimi ni mwalimu." Debe tupu haliachi kuvuma, na lile lilikuwa debe la ukubwa wa pipa.

Tukaenda kwenye maegesho. Akafungua mlango wa kushoto, akakaa, akafunga mkanda, akakunja mikono kifuani. Dada akaingia kulia. Mimi nyuma na mabegi.

"Haya, washa gari," akamwambia dada. "Vioo umeangalia?"

Dada akamtazama. Mimi nikatazama dirishani nisije nikapasuka. Ilimchukua muda kugundua kwamba kile kilichomgusa tumbo ni usukani. Akajichekesha, eti alikuwa anatutania.

Tukatoka. Alitaka kuwasha taa za kukata kona, akawasha waipa, na jua linawaka. Gari likawa linavutwa kushoto, na dada kwa sauti ya chini, "Kulia, baba. Kulia." Akamjibu, "Usinifundishe kazi yangu." Ndipo simu ya dada ikalia. Nilimsikia binti mpaka kule nyuma. "Mama, uchungu umeanza. Umewahi mno. Mko wapi?"

"Tunakuja, mwanangu. Tunakuja moja kwa moja." Dada akapakata mkoba wake, tayari kushuka.

Unajua alisema nini yule mtu? Mungu ananiona, siongezi neno. Alisema, "Mtoto wa kwanza hana haraka. Tupitie ziwani kwanza, ni njiani." Nilimwambia shemeji wewe huna haya, akaniambia Pilipili funga mdomo, na katika kujibizana huko tukafika kwenye mzunguko wa barabara. Akafanya alichofundisha maisha yake yote. Akakamata kushoto.

Mbele yetu lori, linapiga honi kama linachinjwa. Sasa sikiliza. Mtu mwenye usukani mkononi aliuachia! Akaruka upande wa kulia kunyakua usukani wa mwanafunzi, akashika mkoba wa dada. Mguu ukatafuta ile pedali yake moja, ukakuta klachi. "Breki! Breki, mjinga wewe!" anamfokea dada, na dada hana hata pedali. Lori likatukwepa kwa rehema za Mungu. Gari letu likaserereka taratibu, likapanda ukingo, likasimama kwenye bustani ya maua.

Hakuna aliyeumia. Shemeji akamgeukia dada, macho yamemtoka. "Nimekwambia breki! Mbona hukanyagi?"

Dada akachomoa mkoba wake mikononi mwa mumewe, kidole kimoja kimoja. "Usukani uko kwako, baba," akasema, na akafungua mlango.

"Mnakwenda wapi? Hamjui njia!" Hatukugeuka. Tulipata teksi hadi stesheni, tukapanda ile treni ya magunia. Njia nzima dada alikuwa ameibana simu kiganjani. Tulimkuta binti bado anahangaika, na alipoita "Mama," mama alikuwa pale. Mjukuu alizaliwa mkono wa dada umeshikwa mpaka umekufa ganzi. Babu alikuja baada ya watu wa gari na askari kumalizana naye, kwa treni, amebebwa. Akampakata mtoto akamwambia, "Bibi yako hajui breki."

Mpaka leo anaisimulia hivyo, na wapo wanaomwamini. Lakini juzi nilikuwa kwao, dada na mimi tunaangalia picha za mtoto kwenye simu, yeye kochini. Harufu ikatoka jikoni. "Mama! Sufuria inaungua! Si nilikwambia?"

Dada hakuinua macho. "Usukani uko kwako, baba."

Nilidhani atafoka. Akakaa, akakaa, moshi ukaanza kuja, akainuka mwenyewe. Tukamsikia anahangaika na jiko la gesi, halafu sauti ikatoka huko, ndogo, sijawahi kuisikia.

"Linazimwa kwa kuzungusha kushoto au kulia?"

Hatukumjibu.