Halua Kutoka Ng'ambo

Kila ninaponusa halua ya moto, iliki na samli vikinipanda puani, nasikia pia harufu ya choo, nami hucheka peke yangu.

Kwetu Mtongwe, maji yalipojaa yalituletea uchafu wa vyoo vya mjini, kule ng'ambo. Ulinasa kwenye mikoko, pale pale tulipookota chaza. Watoto tuliharisha, na chaza wetu wakakosa wanunuzi.

Asubuhi moja nyanya alijaza uchafu ule kwenye bakuli lake la maua, akalifunika kwa kawa, kama chakula cha jirani.

"Wao hutuletea kila siku," alisema. "Nasi tuna adabu zetu. Tuwapelekee."

Wanawake walijifunga leso zao nzuri. Kwenye feri walipiga vigelegele hadi abiria wakauliza harusi ni ya nani. Bakuli nililibeba mimi, shingo nimeinyoosha kama bibi harusi.

Bwana afya wa mjini, na kaptula yake ya serikali ya mkoloni, alitoka ofisini akitabasamu.

"Ahsanteni mama zangu, mmejisumbua!" Akafunua.

Sijapata kuona mtu akifunika kitu upesi vile.

"Chombo chetu usikirudishe kitupu," nyanya alimwambia kwa upole.

Hakukirudisha kitupu, wallahi. Baada ya siku chache bakuli lilikuja limeoshwa, limejaa halua. Tuliila barazani tukilamba vidole, wanawake wakicheka hadi machozi.

Jioni maji yakajaa, na uchafu ule ule. Nyanya akatazama mikoko, akavuta pumzi.

"Mjukuu wangu," akaniita.

"Abee, nyanya."

"Bakuli usiliweke mbali."