Mapera Mekundu ya Kisiwani

Harufu ya mapera mekundu ilitufikia tukiwa bado mlimani, kabla ya kuuona mto. Ilikuwa tamu, yenye uchachu kidogo, na ikikupata ukitoka shuleni na njaa, miguu ilikimbia yenyewe. Si haya mapera makubwa ya kila boma. Haya yalikuwa madogo, unaweza kuficha mawili shavuni na mwalimu asijue, na vichaka vyake vilikuwa na majani yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Aliyevileta ni Shangazi Kavutha, dada ya baba. Alikuwa amechuma majani chai kwa miaka mingi huko kwenye baridi, na aliporudi kwetu, upande wa Matiliku, alibeba miche mitano ndani ya pakiti za maziwa. Mbuzi wetu hawakusaza chochote chenye jani, kwa hiyo akaipanda mahali pekee ambapo hawakufika, kisiwani.

Kisiwa chenyewe kilikuwa kipande cha udongo mweusi katikati ya mto, maji yakipita pande zote mbili mwaka mzima. Hapo ndipo Susu, nyanya yetu, alipolima nduma na viazi vitamu. Mahindi yalipokauka mlimani, na yalikauka mara nyingi, sisi sote tulikula kutoka kisiwani. Nilipofika darasa la tano ile miche mitano ilikuwa imegeuka msitu. Ndege walikula wakadondosha mbegu, sisi tukala tukatema mbegu, na kila tulipotema palichipuka kitu. Mizizi nayo ilitoa machipukizi yake. Chini ya vichaka hivyo hapakuota hata nyasi. Mimi na binamu zangu tuliona baraka tupu, na katika shule ya Jumapili nilimshukuru Mungu kwa mapera kwa sauti kuu, mbele ya watu.

Jumatano moja Susu alinichukua tukachimbe viazi. Tulichimba hadi mgongo ukaniuma, na kiondo hakikufika hata nusu. Akaketi juu ya jembe, akaniangalia. Nilikuwa na pera mdomoni.

"Mwende, hii miti yenu imekula shamba yangu yote," akasema. "Sasa niambie wewe. Mapera ama viazi? Ukisema mapera, nitawacha. Lakini ukikuja kuniitisha chakula, nitakuonyesha mti."

Nililia huku nikitafuna. Nilijua jibu, na nililichukia. Hatimaye nikasema viazi, kwa sauti ndogo sana, na yeye akanipangusa uso kwa leso yake.

Jumamosi mwethya ukaja. Huo ni umoja wa akina mama wa kijiji, wanaolimiana kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Walivuka maji wakiimba, majembe mabegani. Susu alinipa jembe dogo akanisimamisha mbele ya kichaka cha kwanza kabisa. Shangazi Kavutha akaja upande wangu. "Hii ni mimi nilileta," akasema, "wacha nisaidie kuitoa." Tulichimba pamoja, kwa sababu ukikata tu kinachipuka tena, na kilipoanguka nilihisi uchungu wa kweli. Kufikia saa kumi kisiwa kilikuwa wazi, na nduma za Susu zikaonekana tena, zimepauka, lakini hai.

Hapo ndipo Susu alipoinua macho. Akina mama walikuwa wakivuka kurudi ng'ambo, na kila mmoja alibeba miche ndani ya leso, mizizi ikiwa na udongo wake.

"Aiya! Nyinyi!" akapiga kelele. "Niliwaita kung'oa ama kuhamisha?"

"Mwaitu, mama yetu, mti inazaa inatupwa aje?" mmoja akajibu kutoka katikati ya maji. "Hiyo si ni dhambi!"

Susu alitaka kukasirika, akashindwa. Alicheka hadi akakaa kwenye matope, nasi tukacheka naye, na mimi nilicheka kuliko wote, maana niliona mapera yangu yakienda kila boma.

Yalienda kweli. Siku hizi bonde lote limejaa vichaka hivyo, vimeshuka na mto hadi kwa watu ambao hawakumjua shangazi yangu, na afisa wa kilimo anatuomba tuving'oe. Kisiwa chetu kidogo kilimezwa navyo katika miaka michache. Bonde, sijui litachukua mingapi. Susu hawezi tena kuvuka maji, kwa hiyo kila Desemba navuka mimi na binti yangu kung'oa yaliyochipuka kabla hayajaua viazi. Mwaka jana binti yangu alirudi kutoka kwa jirani na mapera mkononi, akampa Susu moja, akamwuliza mbona tunang'oa kitu kitamu hivi. Susu alilila taratibu, macho amefumba, akatemea mbegu zote kiganjani na kuzitupa jikoni motoni.

"Ni tamu sana," akamwambia. "Sasa enda ung'oe."